Naombwa nihubiri kwenye soko la kwetu, na mama yangu huuza ndizi papo hapo

Asalaam aleikum Mama Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 27, Mmaragoli wa Vihiga. Naishi Kisumu, kazi yangu ni kutengeneza friji. Huu ni mwaka wa pili tangu nisilimu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilifanya kazi na fundi Mwislamu, nikaanza kumuuliza maswali, nikasoma mwenyewe, na mwishowe nikatoa shahada msikitini baada ya swala ya Ijumaa.

Kwetu ni watu wa kanisa la Friends tangu enzi za babu. Baba ni mzee wa kanisa na mama anaongoza kina mama. Mimi mwenyewe nilifundisha Sunday school, kwa hivyo Biblia naijua vizuri, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunikaba.

Kuna kikundi cha da'wa, yaani kulingania watu kwenye Uislamu, ninachoshiriki. Wamepanga mhadhara wa siku tatu soko la Mbale likizo ya Agosti, na wananitaka nishike maikrofoni kwa sababu nasema Kilogooli na aya za Biblia ziko kichwani. Kiongozi wetu alisema, "Watu wenu watamsikiliza mtu wao." Akaongeza kwamba kila jamaa yangu atakayekufa bila kusilimu, mimi nitaulizwa Siku ya Kiyama nilimwambia nini. Tangu siku hiyo usingizi umekuwa wa shida.

Mama huuza ndizi na mboga soko hilohilo, na kutoka mezani pake atasikia kila neno.

Nyumbani hali haikuwa nzuri hata kabla ya hili. Nilipokwenda mara ya kwanza baada ya kusilimu, mama alinichinjia kuku nikakataa kula. Hakusema kitu, ila tangu hapo nikienda napikiwa mboga tu, na kila mtu anajua maana yake. Kwenye mazishi ya nyanya nilisimama kando wakati wa maombi, baba mdogo akaniambia mbele ya watu, "Wewe utazikwa na Waarabu wako." Baba hajawahi kunifukuza, lakini tukikaa pamoja tunazungumzia mvua na bei ya mahindi.

Halafu kuna mdogo wangu, miaka 17, yuko Form Three, shule ya bweni. Akiwa likizo ananiandikia maswali kwenye WhatsApp: kwa nini mnaswali mara tano, Yesu mnamwonaje. Juzi aliuliza kama anaweza kutoa shahada siku ya mhadhara bila wazazi kujua. Niliwaambia wenzangu wa kikundi, wakafurahi sana, wakasema apandishwe jukwaani. Nilipoona furaha yao ndipo nikaogopa.

Mama, mimi nawatakia watu wangu hiki nilichokipata. Nikinyamaza naona nawanyima. Nikisema naona nawapoteza. Nishike njia gani?

Mwana wa Vihiga, Kisumu

*

Waaleikum salaam warahmatullah, mwanangu.

Umeuliza swali moja, lakini barua yako ina mizigo mitatu: mhadhara, wazazi, na mdogo wako. Yote imefungwa kwa kamba ya kauli ile ya kiongozi wenu, kwamba utaulizwa. Nianze na hiyo, kwa sababu ukiendelea kuibeba hivyo ilivyo, uamuzi wowote utakaoufanya utatoka kwenye woga.

Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, aliambiwa katika Sura Al-Ghashiya kwamba yeye ni mkumbushaji, hakuwekwa kuwatawala watu (88:21-22). Katika Al-Qasas akaambiwa hamwongoi ampendaye, bali Mwenyezi Mungu humwongoa amtakaye (28:56), na wafasiri wengi wa Kisuni wanasema aya hiyo ilishuka kuhusu ami yake Abu Talib, mtu aliyemlea na kumlinda. Wanazuoni wengi huhesabu da'wa kuwa faradhi ya kutosheleza, yaani wakiitekeleza baadhi inawatosha wengine, wakitegemea Aal Imran 3:104 inayotaka liwepo kundi la kulingania. Hadithi ya "fikisheni kutoka kwangu japo aya moja" ni sahihi, iko kwa Bukhari, nayo mara nyingi hutumiwa kumsukuma Mwislamu mpya jukwaani. Lakini ukiisikiliza vizuri inakutaka ufikishe unachokijua, kwa kiasi unachokijua. Haikutaki urudi na hesabu ya waliokubali.

Basi nikuulize. Mama yako anajua umesilimu. Anajua unaswali na kufunga. Ameona umeacha vitu ulivyokuwa ukifanya, na huenda ameona pia kwamba umekuwa mtu mwenye simile zaidi, sijui. Je, unaogopa kwamba hajasikia, au unaogopa kwamba amesikia na hajakubali? Hofu ya kwanza ina dawa: unasema. Ya pili haikuwekwa mikononi mwako, na maikrofoni haitaileta huko.

Sasa huo mhadhara. Nisiudharau, maana wapo waliosikia habari za Uislamu kwa mara ya kwanza pembeni mwa soko kwa njia hiyo, na uvumi mwingi kuhusu Waislamu ulizimwa hapohapo. Lakini tazama unavyoendeshwa. Kuna meza, spika, msomaji mwenye Biblia ya Union Version, na mhadhiri anayemwambia "soma tena, taratibu!" Hupitiwa Kumbukumbu la Torati 18:18, Yohana 16:7, Yohana 17:3, aya zinazotumiwa kuonyesha kwamba Muhammad alitabiriwa na kwamba Mungu ni mmoja. Kisha wananchi huuliza, pasta mmoja au wawili hujitokeza, na umati huanza kupiga makofi kama uwanja wa mpira. Mfumo wenyewe unahitaji mshindi. Anayezidiwa hoja mbele ya wateja na majirani zake mara nyingi hurudi nyumbani kutafuta jibu la kulipiza, hata kama moyoni hoja ilimgusa. Qur'ani inaposema mjadiliane kwa njia iliyo bora (16:125, na kwa Watu wa Kitabu hasa 29:46), ugumu wake huonekana zaidi pale penye makofi.

Wewe, mwanangu, hutapandishwa kama mwanachuoni. Utapandishwa kama mtoto wa mzee wa kanisa aliyetoka. Huo ndio uzito wa jina lako hapo Mbale, na kikundi kinaujua hata kama hawausemi. Swali la kwanza kutoka kwa watu huenda lisiwe la Utatu. Mtu atanyanyuka aseme, "Wewe ni mtoto wa fulani, mama yako yule pale. Je, anakwenda motoni?" Utajibu nini, spika zikiwa wazi? Ukikwepa, umeonekana mwoga. Ukijibu kwa ukali, mama atafunga meza yake mapema siku hiyo, na kesho yake wateja watamuuliza. Kuna pia simu za watu. Mhadhara wa saa tatu hukatwa kipande cha nusu dakika, kikasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya kijiji, na nusu dakika hiyo huchaguliwa na mtu asiyekutakia mema.

Jambo jingine dogo, lakini wewe utalielewa kuliko wenzako. Friends hawabatizi kwa maji wala hawana meza ya Bwana. Ndivyo ilivyo tangu wamisheni wao walipofika Kaimosi mwaka 1902. Hoja nyingi za mihadhara zilitungwa kwa ajili ya madhehebu mengine. Ukisimama Maragoli ukashambulia ubatizo, wazee watacheka, watasema mtoto wao amekaririshwa.

Kabla hujasema ndiyo au hapana, kaa na kiongozi wenu faragha, si mbele ya kikundi, umuulize mambo. Nani mhadhiri mkuu na amesomea wapi? Barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, na kibali cha vipaza sauti viko mikononi mwa nani? Nani atarekodi, na nani ana haki ya kufuta? Je, naweza kushiriki bila kutaja familia yangu, na mtu akiitaja, nani ataichukua maikrofoni kutoka kwangu? Na hili ndilo hasa ningependa usikie jibu lake: wakisilimu watu wanne siku ile, nani atakuwa Mbale wiki inayofuata kuwafundisha?

Nalisisitiza hili la mwisho kwa sababu hapo ndipo da'wa nyingi hukatika. Mtu anatoa shahada, takbiri zinapigwa, anapewa kofia au mtandio, gari linarudi mjini. Yeye hajui udhu unaanzia wapi. Hajui Al-Fatiha, anaona haya kuingia msikitini, na ukoo wake tayari umemsusa. Baada ya miezi michache anarudi alikotoka, akiwa na uchungu juu. Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimpa mpangilio: kwanza shahada, wakikubali awaeleze swala tano, wakikubali awaeleze zaka (Bukhari na Muslim). Ni hatua kwa hatua, na Muadh alikwenda kukaa nao.

Ndiyo maana siamini kwamba mbele yako kuna kusimama jukwaani au kunyamaza tu. Unaweza kukataa mhadhara wa Mbale ukakubali kusaidia mahali ambapo hujulikani kwa jina la baba. Hatari yake ni kwamba kikundi kitakuona umepoa, na kwa mtu aliyepoteza nafasi kwao, kupoteza na nafasi msikitini ni pigo kubwa. Jipime kama utalistahimili. Unaweza kwenda Mbale lakini ukae pembeni, uzungumze na mmoja mmoja atakayekuja kuuliza kwa Kilogooli. Hapo ungali unaonekana, ila hushindani na mtu. Au unaweza kuchukua kazi ambayo haina picha: kuwafundisha wapya. Mwalimu wa Sunday school aliyesilimu anajua kumweleza mtu mzima jambo jipya bila kumdhalilisha. Wiki ya kwanza twahara na udhu kwa vitendo, bombani. Ya pili Al-Fatiha, aya mbili kila kikao, na mienendo ya swala. Wiki ya tatu anaswali nyuma yako. Hatari ya njia hii ni kwamba wewe pia bado unajifunza, kwa hivyo lazima awepo maalimu anayekukagua, na swali la talaka, mirathi au wake wangapi ulipeleke kwake bila kuona aibu.

Sasa nyumbani. Umeandika maneno ya baba mdogo kama matusi. Huenda ni matusi. Lakini nisikilize kidogo: katika jamii yenu mtu huzikwa kwao, kwenye shamba, na wajukuu wakaonyeshwa kaburi. Aliposema utazikwa na Waarabu, alikuwa akitetea dini ya Friends, au alikuwa akilia kwamba kaburi lako litapotea? Mama naye alipoacha kukupikia kuku, aliukataa Uislamu au aliona chakula chake kimekataliwa? Mimi sikuwepo, siwezi kukujibia. Ila kama ni hivyo, basi hoja za Yohana 17 hazijibu walichouliza. Walichouliza ni kama bado wewe ni wao.

Hilo lina majibu ya mikono. Anza na kuku. Piga simu siku moja kabla: "Mama, nakuja Jumamosi, usimchinje kuku, nitamchinja mwenyewe." Kisu kiwe kikali. Taja jina la Mwenyezi Mungu, kata koo kwa haraka: njia ya hewa, njia ya chakula na mishipa miwili ya damu, bila kukitenga kichwa. Subiri mpaka atulie kabisa. Wengi huharibu hapo: maji ya kunyonyolea yameshachemka, watoto wana njaa, kuku anatumbukizwa kabla hajafa. Kisha mwachie mama sufuria yake. Samaki na omena havihitaji kuchinjwa, kwa hivyo ukitoka Kisumu una zawadi isiyo na utata. Kuhusu kula kilichochinjwa na mama yako mwenyewe, Al-Maida 5:5 imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na wanazuoni wametofautiana juu ya masharti; mpelekee ustadh wako suala hilo usikie anavyolifafanua, halafu ufuate bila kugeuza meza ya chakula kuwa darasa.

Mazishi pia. Kutoa pole, kukaa na wafiwa, kubeba viti, kuchota maji, kuchimba kaburi, hayo masheikh wengi hawayakatazi. Usichoshiriki ni ibada yenyewe, na unaweza kukaa kimya kwenye kiti chako kama mtu mwenye adabu, badala ya kusimama kando kama aliyetoka kwenye ukoo. Mtume alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa ni Myahudi akauliza, "Je, si nafsi?" Na kuhusu kaburi lako wewe, usisubiri ugomvi wa mochari, kwani maiti za waliosilimu zimegombewa mara nyingi nchini. Andika wasia wako, mweleze baba angali hai, mwachie nakala yeye na nyingine imamu. Mahakama hutazama wasia wa mazishi ingawa hazifungwi nao, hivyo makubaliano na baba ndiyo ulinzi wenyewe. Huenda hayo yakawa mazungumzo yenu ya kwanza yasiyo ya mvua na mahindi. Hayatakuwa mepesi. Uliza kwanza imamu kuhusu kuzikwa kwenye shamba la familia, usije ukaahidi kisha ukarudi nyuma.

Unajua Luqman 31:15: wazazi wakikusukuma kwenye shirki usiwatii, lakini kaa nao kwa wema. Asma binti Abu Bakr alipojiwa na mama yake ambaye hakuwa Mwislamu, Mtume alimwambia aunge udugu na mama yake. Hakumwekea sharti la kusilimu. Na Ibrahim katika Sura Maryam anamwambia baba yake "ewe baba yangu" katika kila hoja, na anapotishiwa kupigwa mawe anaondoka kwa salamu. Ukitaka kumweleza mama kwa nini ulisilimu, na nadhani unatamani, chagua jioni moja mkiwa wawili, umweleze kilichokuvuta wewe, si kosa la kanisa lake. Ongea kidogo, kisha uache. Ibn Masud amesimulia kwamba Mtume alikuwa akiyapa nafasi mawaidha ili wasichoke, na hao walikuwa masahaba waliokuja kumsikiliza kwa hiari.

Limebaki la mdogo wako, nalo ndilo lililonishika zaidi, kwa sababu wewe mwenyewe uliogopa ulipoona wenzako wakifurahi. Usiidharau hofu hiyo.

Masheikh watakuambia, na wana hoja, kwamba anayetaka kutoa shahada hacheleweshwi, na kwamba aliyebaleghe shahada yake inasihi. Sikupingi hapo. Lakini shahada ni jambo moja na jukwaa ni jingine. Sura Ghafir inamtaja muumini wa jamaa za Firauni aliyeficha imani yake (40:28), na hakulaumiwa. Kwa upande wa serikali, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na sheria ya watoto imeweka elimu yake ya dini chini ya mwongozo wa wazazi. Kijana wa 17 akipandishwa jukwaani mbele ya soko zima bila baba kujua, kikundi kimejitafutia kesi, na baba yako atasema, kwa haki yake, kwamba ulimnyang'anya mtoto kwa siri. Karo inalipwa na nani? Akifukuzwa nyumbani Agosti, atalala wapi Septemba? Kama jibu ni "kwangu", je, chumba chako cha Kisumu na kipato chako vinalitosha hilo hadi amalize shule?

Tena sijui kama anataka Uislamu au anamtaka kaka yake. Nawe pengine hujui bado. Njia ya kujua ni kujibu anachouliza, chote, kwa ukweli, bila kuongeza asichouliza, na kumuuliza nawe: umesoma nini, unaamini nini kuhusu Yesu, unafanya hivi kwa sababu gani? Mwambie wazi kwamba mapenzi yako kwake hayategemei jibu. Ukiona imani imeshaingia, mpeleke kwa imamu mtulivu, msikae kwa pupa, mpange pamoja ni lini na kwa maneno gani wazazi wataambiwa, na nani mtu mzima wa ukoo atakayekuwepo siku hiyo. Siri ina gharama pia: itamfundisha kudanganya nyumbani, na ikifichuka wewe ndiye utakayebeba lawama. Kusubiri nako kuna gharama, maana anaweza kuona umemfungia mlango uliomwonyesha. Nakuachia uzipime, wewe unamjua.

Kitu kimoja tu nakuomba umwambie mapema, maana vijana hukikosea: asikimbilie kuacha CRE, somo la dini ya Kikristo, shuleni. Ameshachagua masomo, na kubadili kwenda IRE, somo la dini ya Kiislamu, sasa hivi, pengine kwenye shule isiyo na mwalimu wake, kutamvurugia KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kulifanya somo hilo hadi mtihani ni kujibu maswali ya mtihani tu, na wapo Waislamu wengi waliolifanya. Na simu shuleni hana, kwa hivyo muhula mzima maswali yake yanakaa. Mnunulie daftari ayaandike, likizo mkae muyapitie moja moja.